Ardis Anasimama Mahali Pangu

Bibi Winifred mpendwa,

Nisaidie kabla sijamfukuza mtu au sijafukuzwa mimi, maana moja kati ya hayo litatokea Ijumaa na sina wa kumuuliza, mjini hapa ukimnong'onezea mtu siri yako asubuhi basi mchana inaliwa pamoja na saladi kwenye kila mgahawa. Majina ya watu nimeyabadili na langu silitaji, ingawa ukiwasha televisheni Jumatatu jioni utanijua, mimi ndiye ninayeigiza yule mjane mwenye hoteli ndogo kando ya reli.

Nililetwa Hollywood nikiwa msichana kutoka Nebraska, baada ya kushinda taji la urembo kwenye maonyesho ya kilimo, studio ikanibadilisha jina, ikaninyoa nyusi, ikanifunga kwa mkataba wa miaka saba, na miaka yote hiyo na mingine iliyofuata nikawa mke anayeachwa, rafiki wa nyota, mwanamke anayepigwa risasi kabla filamu haijafika katikati, wala sikulalamika. Halafu watu wakaanza kukaa nyumbani na televisheni zao, studio ikatuacha wengi kwa siku moja, nami nikaapa kwamba sitaonekana ndani ya lile sanduku hata nife njaa, nikakaa mwaka mzima naitazama simu, kisha nikakimeza kiapo changu na maji baridi. Na sasa ndipo nimekuwa mtu, Bibi Winifred, sasa hivi, kwenye umri huu (magazeti yanasema thelathini na tisa, yaache yaseme), wanawake wananisimamisha kwenye foleni ya nyama na kuniuliza kama yule mkuu wa stesheni atanioa. Sitaki kuondoka hapa. Ndiyo maana namwogopa Ardis.

Kazi ya Ardis ni kusimama badala yangu. Mafundi wanapopanga taa, yeye ndiye anayesimama mahali pangu, kimo chetu kimoja, nywele zetu rangi moja, anaganda pale kama mtu anayepimwa gauni, kisha mimi naingia uso haujatoka jasho. Tuko pamoja tangu studio, nilimshika mkono siku aliyomzika mumewe, kwa hiyo usidhani naandika haya kwa raha.

Lilianza na taa. Msimu huu zimepunguzwa, nasimama pale kama niko ndani ya kabati, nikamwita Gus, mzee wa taa, nikamwambia, "Gus, nani kakwambia unizime?" Akacheka. "Bibie, taa ni zilezile, nimezipima mwenyewe." Nikamgeukia Ardis, akatazama sakafu. Mtu asiye na hatia anatazama sakafu kwa nini? Halafu skripti, siku hizi wanatupa nakala zenye wino uliopauka hata mpishi wangu ndiye anayenisomea jikoni, na mimi nashika kwa masikio, basi nikiwa katikati ya onyesho naona midomo ya Ardis nyuma ya kamera inachezacheza, anasema maneno yangu! Nikikwama ananitupia, taratibu, "Mwambie treni imechelewa." Nani kamwomba ayajue maneno yangu? Na mke wa Kessel, mtayarishaji wetu, ameninunia eti nilimpita kwenye sherehe bila salamu, mwanamke ambaye sikumwona kabisa, lazima kuna mtu kampelekea maneno.

Sasa sikia hili. Mahali pa kusimama huwa pamebandikwa ukanda mwembamba mwekundu sakafuni, kila mwigizaji anajua kuufikia bila kuinamisha kichwa. Ardis ameubandua, akaweka mweupe mpana kama bandeji, watu wote wanaona. Wiki iliyopita nikaingia, nikajikwaa kwenye mfuko wa mchanga, ule wa kukandamizia miguu ya taa, uko palepale ninaposimama! Kidogo nianguke mbele ya wageni wa kampuni ya sabuni inayotudhamini.

"Nani kaweka huu?"

"Mimi," Ardis akasema. "Ili mguu wako ujue pa kusimama, mama."

"Mguu wangu umejua pa kusimama kabla wewe hujajua kupaka wanja! Ondoa uchafu wako!"

Akauondoa. Kesho yake nikaukuta tena.

Na la mwisho, hili ndilo lililoninyima usingizi, nilikuwa nyuma ya pazia la ile hoteli ya maigizo nikirekebishwa kola, nikamsikia Ardis anamwambia mwongozaji, "Bado hajui. Tumvushe hivihivi mpaka msimu uishe." Na mwongozaji akajibu, "Kessel asisikie tu." Umesikia? Nilikwenda moja kwa moja kwa Kessel, sikumwambia yote, nilisema tu yule mwanamke ananikera, naye akanipigapiga begani, "Wewe sema neno moja, Ijumaa hayupo." Nimeuma ulimi mpaka leo. Nimtoe kabla hajanitoa? Nijibu kwenye safu yako gazetini, toleo la Jumatano, nakuomba, nitasomewa mapema.

Ni mimi,
Asiyelala, Bonde la San Fernando


Asiyelala,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya kwanza nilikuwa upande wako kabisa. Kabla ya safu hii nilikuwa mshonaji katika chumba cha mavazi cha studio moja, nimeshuhudia mwanamke akiondolewa kwenye filamu pini zangu zikiwa bado mgongoni mwake, na aliyechukua gauni lile alikuwa rafiki yake. Kwa hiyo usinione mjinga anayedhani watu wote ni wema. Mimi hata mume wangu akinisifia chakula, huwa nainuka kwenda kuona amevunja nini.

Lakini mara ya pili nilikasirika. Taa hafifu kwako, wakati mzee aliyezipima anasema hazijabadilika. Wino umepauka, kwako. Mke wa bosi amesimama mbele yako na hukumwona. Hebu niambie, Ardis anaingia kiwandani kupunguza wino? Anamvisha mke wa Kessel blanketi? Bibie, hakuna aliyekuzimia taa. Ni macho yako.

Najua umeshatupa gazeti. Liokote, au mwambie mpishi aliokote na aendelee kusoma, wala asiruke mstari.

Ule ukanda umekuwa mpana ili uuone. Ulipoacha kuuona huo nao, akakuwekea mfuko wa mchanga, maana mguu unaweza kuugusa bila kichwa kuinama na watu wakaona umefika mahali pako kama kawaida. Alikwambia hivyo kwa mdomo wake, ukamtukana mbele ya mafundi. Akaurudisha kesho yake akijua atatukanwa tena. Maneno yako ameyashika kwa sababu amegundua huyasomi. Na yale uliyoyasikia nyuma ya pazia, ukiyasikiliza bila hasira, ni ya watu wawili wanaokuficha kwa Kessel. Nawe umekwenda kwa Kessel kwa miguu yako mwenyewe!

Sisemi Ardis ni malaika. Siku utakayotoka wewe, naye kazi yake imekwisha, nani anamhitaji mwanamke aliyefanana na mtu ambaye hayupo? Analinda mkate wake. Basi na aulinde, maana hawezi kuulinda bila kukulinda wewe. Kosa lake ni kunyamaza, nami kwa namna ulivyomjibu siku ile ya mfuko, sishangai.

Wala sishangai kwamba wewe hukujua. Huko kwenu mwanamke akionekana na miwani anahesabiwa bibi kizee kabla hajaivua, basi mnapapasa kuta mkiwa na viatu virefu na kusema taa mbaya. Umekodolea macho zile taa kali tangu usichana wako. Yangekuwa ya chuma yangechoka.

Sasa fanya ninavyokwambia. Usingoje Ijumaa. Leo mpigie Kessel, mwambie Ardis abaki, ulikuwa na hasira ya siku moja, na usiongeze neno. Akikuuliza sana, kata simu, nyote mnafanya hivyo. Kisha tafuta daktari wa macho, na asiwe daktari wa kampuni, yule atamwambia Kessel kabla hujashuka ngazi. Nenda mji wa Pasadena, nenda kwa jina ulilozaliwa nalo. Mimi si daktari, ila najua mtoto wa jicho hutolewa na mtu akaona tena, na presha ya macho ina dawa, lakini sehemu iliyokwisha kuzimika hairudi, kwa hiyo kila wiki unayoitumia kumchunguza Ardis unailipa mwenyewe. Ikiwa ni miwani tu inayotakiwa, wape waandishi wa skripti kazi, wamvishe yule mjane. Mwenye hoteli anayevaa miwani hakuna atakayemshangaa, na huenda mkuu wa stesheni akaona ni mwanamke wa maana.

Na usithubutu kuendesha gari mwenyewe. Mwombe Ardis akupeleke. Kaa kando yake, na mkishatoka mjini mwulize amejua tangu lini, kisha funga mdomo usikilize mpaka amalize. Akianza kulia, mwambie asimamishe gari kwanza. Mmoja wenu lazima aione barabara.

Winifred