Kona ya Juu ya Mlango

Dada yangu Hadija, uliyeniachia Somoe ukatangulia,

Hapa Mtwara, toka Mikindani mpaka Ruvuma inapomwaga maji baharini, hakuna nyumba inayopakwa rangi ikatulia bila mimi kuulizwa. Hata mwenye duka la rangi pale sokoni hafungui kopo mpaka nilinuse. Sasa sikia walivyonifanyia.

Somoe wetu ni mjamzito, siku zimekaribia. Mumewe amejenga Shangani, na chumba kizima wamekitenga kwa ajili ya mtoto. Sisi tulilala watano mkeka mmoja, dada. Nikakaa nikingoja kuitwa. Akaitwa baba mkwe wake, Mzee Idi, seremala wa Kondoa.

Nikaenda hivyo hivyo. Nikamkuta kapiga magoti, anagongomea vibao vyembamba vyeupe chini ya ukuta, kuzunguka chumba chote. Ukuta wenyewe kijani cha dafu. Nilitafuta kasoro mpaka macho yakauma, nikakosa. Roho ikanichoma. Yeye hata hakugeuka.

"Mjomba, nisogezee brashi hiyo."

Alivyolitamka hilo neno, ungedhani anamwita muuza karanga wa stendi. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Kwao, kumbe, mjomba ni mtu wa kusogeza brashi. Nikaisogeza.

Somoe akaingia na chai. "Umekipenda, mjomba?"

"Rangi ya mafuta kwenye ukuta mbichi," nikasema. "Itabanduka hii."

Mzee Idi akacheka. "Ukuta una mwaka sasa. Gonga usikie."

Sikugonga. Nilikuwa nakukumbuka wewe, miaka ya tisini ndiyo inaingia, tumbo lenye Somoe likikutangulia mlangoni, na kile chumba chetu cha udongo Magomeni ya hapa hapa Mtwara. Chokaa debe moja, brashi ya katani. Ulinishikia kigoda huku unanitania, "Umejipaka wewe kuliko ukuta." Ikabaki kona ya juu ya mlango. Nikakwambia hiyo huachwa, chumba cha mtoto hakimalizwi kabla mwenyewe hajafika, asije akadhani hangojewi. Ukanitazama kitambo. "Haya, mjomba," ukasema. Ndiyo mara ya kwanza kuitwa hivyo, na nilitembea na neno hilo mtaa mzima. Somoe alipozaliwa ukapanda kupamaliza mwenyewe, mtoto mgongoni.

Basi Mzee Idi akaegesha ngazi mlangoni, akapanda ili amalizie juu. Somoe akaishika.

"Hapo paache, baba. Marehemu mama alisema ni mila yetu. Mtoto akishafika, mjomba ndiye anapamaliza."

Mzee akashuka. Akanipa brashi kwa mikono miwili, akauliza taratibu, "Mila hiyo mnaifanyaje, mjomba?"

Safari hii neno lilikaa mahali pake. Nikamweleza mila yenyewe tangu enzi za mababu, mpaka chai ikapoa.

Ila wewe, dada, nakudai maelezo. Mila ile babu hakuijua, na kuhusu mjomba kupamaliza, hayo umeyaongeza wewe, kwa makusudi, maana ulikuwa umeshika kigoda na uliona miguu yangu inavyotetemeka. Naogopa kupanda juu. Kigoda tu kilinishinda. Sasa ni ngazi, na atakayeishika ni Mzee Idi.

Mdogo wako,
mjomba wa Somoe