Kipande cha Kibofu cha Kaka

Jumatatu, 4 Agosti
Maabara, Dar. Nimekata vipande vya nyama za wagonjwa, nimetia rangi, nimepanga slaidi. Kama kawaida. Kimoja ni cha kaka Shabani, cha kibofu. Anakojoa damu tangu mavuno ya mpunga. Alisema ni kichocho kile kile cha utotoni, bondeni kwetu. Sikuhisi kitu. Nimekula chapati.

Jumatano, 6 Agosti
Daktari Neema, anayesoma slaidi zetu, ameona saratani. Hajui imefika wapi. Kwa rangi ya kawaida vyote ni waridi: nyuzi nyembamba za juu, kovu, msuli mnene wa ukuta. Kama haijafika kwenye msuli mnene, wanakwangua uvimbe na kibofu kinabaki. Kama imeingia, kinatolewa. Ameagiza rangi ya pili, inayogeuza msuli mnene kuwa kahawia iliyokoza. Kaniuliza, mwingine aifanye? Nimekataa. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimetia rangi. Nimesuuza. Nimeweka kwenye hadubini kuona kama imeshika, ndiyo kazi yangu. Imeshika vizuri. Kahawia, na katikati yake seli za saratani zimejipenyeza. Nimempelekea daktari. Nimeosha vyombo. Shabani anapiga simu, sipokei. Mwoga mimi.

Jumapili, 10 Agosti
Mtunda, kijijini kwetu. Majibu yameshasainiwa, daktari kaniruhusu nimwambie mwenyewe. Nimeshuka basi Bungu, nikachukua bodaboda. Wifi Zaina alikuwa anatwanga kisamvu. Nikasema moja kwa moja. Imeingia kwenye msuli. Kibofu kitatolewa, mkojo utatokea tumboni, kwenye mfuko.

Shabani akauliza: "Na kuswali, mdogo wangu? Nitaswalije na mkojo tumboni?"

Nilijiandaa kwa maswali yote, si hilo.

Wifi akajibu bila kuacha mchi. "Bora uswali na mfuko kuliko tukuswalie."

Shabani akacheka. Mimi sikuweza.

Jumanne, 12 Agosti
Shabani kapiga simu. Kamuuliza shehe wa Bungu. Atie udhu kila kipindi kikiingia, basi, inatosha. Amekubali upasuaji. Nikasema sawa, nikakata simu.

Alhamisi, 4 Septemba
Shabani ametoka salama chumba cha upasuaji. Kibofu kimeletwa maabara, ndani ya ndoo ya dawa ya kuhifadhia. Safari hii nimemwachia mwenzangu. Nimekaa nje, nyuma ya jenereta. Nilidhani nitalia. Wapi.

Ijumaa, 12 Septemba
Tezi zilizotolewa pamoja na kibofu hazina saratani. Daktari Neema kanishika bega. Nimerudi kwenye meza yangu. Slaidi zilikuwa nyingi.

Jumamosi, 4 Oktoba
Mtunda. Shabani amekonda, suruali inamvuka. Anabadilisha mfuko mwenyewe, mlango umefungwa, hataki hata wifi. Jioni akatoka, akakaa nami barazani. Kaniuliza kama Dar imenyesha. Nikasema bado. Huku pia bado, kasema. Wifi alikuwa anakaanga samaki. Tukakaa.