Ulisema Pole

Kiptoo ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa hapa nyumbani, mtaani West Indies, Jumamosi mchana, na viatu vya mbio nimeviweka juu ya meza ya kulia. Najua ungenigombeza. Jumapili ijayo nakimbia marathon ya Nairobi. Klabu ilikuwa na nafasi mbili. Moja ilienda kwa yule fundi wa kiwandani ambaye hakuna kati yetu ambaye angemfikia, na ile ya pili tukaigombania mimi na wewe mpaka tukafika mahali hatujuliani hali. Sasa ni yangu. Watu wananipa mkono barabarani. Kocha alinikabidhi fulana nyekundu mbele ya wote, wakapiga makofi, nami nikaangalia chini kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani.

Nina jambo la kukwambia, lakini niache nianze na habari, maana nikilianza hilo moja kwa moja nitaichana hii barua kama nilivyochana zile mbili.

Klabu bado inakutana pale njia panda saa kumi na mbili asubuhi, na wale wa kiwandani bado wanachelewa. Juzi polisi walitusimamisha tena wakitaka kibali cha mkutano. Kocha akawauliza ni mkutano gani huo wa watu wanaokimbia. Tukakalishwa kando ya lami saa nzima, jasho likitupoea mgongoni. Ungekuwepo ungewachekesha wakatuachilia. Sisi wengine tuliogopa tu.

Mazishi yako yalijaa. Chifu aliongea kuliko mchungaji. Ati chama kimepoteza kijana mwaminifu, ilhali wewe kadi ya chama ulinunua kwa sababu bila hiyo wangekuzuia kuingia sokoni. Akamalizia kwa kutuambia sote tufuate nyayo za Rais. Nilikuwa nimesimama karibu na kaburi, nikaangalia viatu vyangu.

Wiki yangu ya kwanza kwenye klabu walinicheka sana, unakumbuka, kwamba sisi watu wa ziwa kazi yetu ni kuogelea. Wewe ndiwe uliyepunguza mwendo ukakaa nami huko nyuma, siku baada ya siku, ukinionyesha namna ya kupumua kwa hewa ya huku. Ulinipa sweta yako. Bado iko hapa, na bado ina harufu ya moshi wa kuni.

Sasa hilo jambo. Linahusu Kiswahili chako. Mimi napata ugali wangu kwa kufundisha Kiswahili darasa la sita, na wewe ulijifunza lugha sokoni Moi's Bridge ukiuza mahindi na mama yako. Kwako "pole" ilifanya kazi zote. Mtu amefiwa, pole. Umemkanyaga mtu, pole. Gari linakimbia sana, "dereva, enda pole." Nilikuwa nakusahihisha tukiwa mbioni, mbele ya wenzetu: "Si pole, ni polepole. Pole ni ya msiba." Wakacheka. Basi ukanilipizia. Tangu siku hiyo kila uliponipita mlimani ulininong'oneza, "Pole, Mwalimu," kwa sauti ya mtu aliyekuja matangani, halafu huyo, umekwenda. Klabu nzima ikaiga. Kuambiwa pole kukawa ndiko kupitwa. Nililichukia hilo neno, Kiptoo. Nilikuwa nalisikia hata nikioga.

Siku ya kuchaguliwa, kule Kaptagat, tulikimbia wawili tu, kocha akitungoja na saa yake mwisho wa msitu. Alikuwa ametuonya kama kawaida yake, asiyetaka kushindwa asigeuke nyuma. Mimi nilikuwa mbele. Tulipoanza ule mlima wa mwisho nikakusikia: "Pole, Mwalimu." Nikajiambia, leo hapana. Nikaongeza. Ukasema tena, sauti ikiwa chini kidogo: "Pole." Nikaongeza tena. Halafu nikasikia viatu vyako vikipungua, vikipungua, mpaka vikanyamaza, nami nikafurahi. Hilo ndilo linaloniua. Nilifurahi.

Nilifika nikicheka. Kocha akaangalia saa, akaangalia barabara, akauliza, "Na huyu mwingine?" Tulikukuta umeketi, umeegemea mti, kiatu kimoja umekivua. Kumbe ulikuwa na homa wiki nzima na hukutaka mtu ajue, usije ukatolewa. Pikapu ya maziwa ikatubeba, nimekushika kichwa mapajani. Hatukufika hospitali ukiwa hai.

Mama yako aliniuliza siku hiyo hiyo: mwanangu alisema nini? Nikamwambia hakusema kitu. Siku ya mazishi akaniuliza tena, nikamjibu vilevile. Akanishika mkono, akaniita mwanawe, akanipakulia chakula. Nilimdanganya mama wa watu huku natafuna ugali wake.

Jumatano iliyopita nilishindwa. Mtoto mmoja alikuwa ameandika kwenye insha, "Ng'ombe wetu alitembea pole." Niliinua kalamu nyekundu, nikakosa nguvu ya kuishusha. Nikawaambia wasome kimya, nikatoka, nikalia nyuma ya choo cha walimu, mtu mzima na chaki mkononi. Kesho yake nikaomba ruhusa, nikaenda Moi's Bridge.

Nilimkuta mama yako uani akipukuchua mahindi. Nilimwambia yote, hata ile furaha. Hakuacha kupukuchua. Akataka nilitamke neno lako jinsi ulivyolitamka. Nikalitamka. Akataka tena. Ndipo mikono yake ikasimama. Akaniambia kwamba ulipokuwa mdogo, ukibeba magunia pale sokoni na vijana wa kila kabila, ulikuwa ukilemewa unawaitia hivyo hivyo, pole, pole, nao walikuwa wanakungoja. Kisha akasema, "Mimi ningejua." Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningeshukuru.

Aliingia ndani akaniletea mursik, yale maziwa yenu ya kibuyu ambayo wewe ulinifundisha kuyanywa bila kukunja uso. Akasema, "Kunywa, mgeni. Safari yako ni mbali." Mgeni. Si ulinieleza mwenyewe kwamba uliitwa Kiptoo kwa sababu ulizaliwa nyumba ikiwa na wageni, na kwamba mama yako amewapenda wageni tangu siku hiyo? Nilikunywa nikamaliza kikombe. Hakunisindikiza.

Nilifikiria kurudisha fulana. Kocha akaniambia nisimletee ujinga. Lakini si kocha anayenipeleka Nairobi. Nikwambie ukweli, kwa kuwa katika jambo hili wewe peke yako sijakudanganya: nataka kukimbia. Hata baada ya haya yote, nataka. Naamka asubuhi na miguu inataka kabla yangu, na ninaona aibu, na bado nafunga kamba za viatu. Sitasimama mbele ya watu niseme nakimbia kwa niaba yako. Wewe ungekimbia mwenyewe kama ningesikia.

Najua itakavyokuwa. Kutakuwa na watu nyuma yangu wanahema, wengine wanasema hili na lile, maana maili za mwisho zinamtoa mtu maneno. Kocha ameshanikumbusha nisigeuke. Nitageuka, Kiptoo. Nakuahidi. Yeyote atakayesema pole nyuma yangu, iwe ya msiba, iwe ya mzaha, iwe Kiswahili kibovu, nitasimama nimwangalie usoni nijue ni ipi. Nikipitwa, nimepitwa. Na nikirudi nitaenda tena kwa mama yako, na nitaenda tena baada ya hapo, hata akiniita mgeni mpaka nizeeke.

Ile insha niliirudisha jana. Sikumkata yule mtoto alama.

Basi, ndugu yangu, enda pole.

Wako,
Mwalimu Ouma