Wifi, Siku Nilipoandika "Siwezi"

Mpendwa wifi,

Ungekuwapo ungenicheka kwa kumaliza karatasi mbili kusema jambo la mstari mmoja. Cheka tu. Tangu tulipokuzika Mikumi, watoto wako wananiuliza sisi tulipatanaje, wakati mawifi wengine hata chumvi hawaombani. Nimeona nianze kwa kukukumbusha wewe.

Nilipoolewa na kaka yako nilikuja na neno moja mdomoni: siwezi. Mama wa kambo alinilea akiniita mzito wa kichwa, nami nikalipokea kama jina langu la pili. Jembe nililijua, kupikia watu ishirini nilijua, lakini jambo lolote jipya, kabla mtu hajamaliza kulisema, nimeshajibu siwezi.

Halafu tukahamia kijiji kipya cha ujamaa, upande ule wa Kisanga, na elimu ya watu wazima ikaanza. Asubuhi shamba la kijiji, alasiri ghalani, watu na watoto wao mgongoni, tukifundishwa na yule mwalimu kijana kutoka Lumuma ambaye alituamkia shikamoo kwanza, ndipo atukaripie. Viongozi wa kijiji wakatangaza kwamba mwanamke mmoja atakayefaulu mtihani wa kusoma na kuandika atapelekwa Kilosa kujifunza ukunga.

Wewe ulijua nilivyoutaka ukunga. Ulikuwa umenishika mkono siku mwanangu wa kwanza alipofia njiani, kabla machela haijafika zahanati. Nikakuambia natamani kwenda, ila siwezi.

"Wifi," ukasema, "kila siku unakitukana kichwa chako. Kitakupendaje?"

Ukaweka sheria yako. Kila asubuhi kisimani hunitwishi debe mpaka niseme "naweza" mara tatu. Nikinong'ona, unasema hujasikia, na debe linabaki chini huku wanawake wengine wakingoja zamu na kutucheka. Nilisema kama anayemeza kwinini. Sikuamini hata kidogo, na nataka hilo lijulikane, maana vijana wa leo hudhani maneno mazuri yanafanya kazi yenyewe. Miezi mitatu mdomo ulisema naweza na moyo ukasema, mwongo mkubwa wewe! Lakini mtu aliyesema naweza asubuhi mbele ya kisima kizima anaona haya kukosa darasani alasiri. Basi nikawa sikosi.

Siku ya mtihani akaja mkaguzi kutoka Kilosa. Kila mtu aliandika neno lake mwenyewe ubaoni, kisha akalisoma. Zamu yangu ilipofika, mkono ukaandika lile neno ambalo kichwa kilikuwa kinalipigia kelele: SIWEZI.

"Soma, mama," akasema mkaguzi, macho yake yakiwa kwenye karatasi zake.

"Siwezi."

"Usiogope, mama yangu. Jaribu."

"Siwezi."

"Haya, kaa. Anayefuata!"

Wifi, uliruka kutoka kwenye mkeka utadhani umeng'atwa na siafu. "Ndugu mkaguzi, samahani, amesoma! Tena mara mbili! Hebu geuka utazame ubao!"

Ghala zima likaangua kicheko. Mkaguzi akageuka, akavua miwani, akaivaa tena, naye akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia niandike neno jingine.

Nikafuta SI, nikaweka NA. Ikawa NAWEZI. Mwalimu wetu akainamisha kichwa. Wewe ulijiziba mdomo kwa khanga ili usiniambie. Nikalisoma kimoyomoyo, silabi kwa silabi, na sikio langu likakataa: sivyo ninavyosema kila asubuhi. Nikafuta ile I ya mwisho, nikaandika A, nikalisoma kwa sauti ambayo nadhani hata waliokuwa shambani waliisikia. Ile ndiyo mara ya kwanza nililisema neno lile na kuliamini. Lilikuwa mbele ya macho yangu, nimeliandika mimi, nimelikosea mimi, nimelisahihisha mimi.

Nilifaulu, wewe ukakwama. Nikalia kwa ajili yako, ukanishangaa kweli kweli.

"Unamlilia nani? Mimi sijashindwa. Sijaweza tu, bado."

Ukanibebea mzigo mpaka kwenye lori la Mikumi, na miezi yote niliyokuwa Kilosa ukampikia kaka yako, na alasiri ukaendelea kwenda ghalani peke yako, bila mtu wa kugombana naye.

Leo nimezeeka, wifi, na ninajivuna, sioni haya kusema. Watoto niliowapokea kwa mikono hii wengine wana wajukuu. Kila mzazi hufika mahali akapiga kelele kwamba hawezi, nami humwambia aseme vingine, hata kama haamini, aseme tu, kuamini kutakuja nyuma. Wengi hunitukana. Kisha mtoto analia, nasi tunacheka pamoja.

Nakukumbuka sana, lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile niliyompokea binti yako, mtoto wangu wa kwanza kumpokea nikiwa mkunga. Nilifungua daftari la vizazi, nikakusogezea wino uchovye kidole gumba kama walivyofanya mama wote. Ukausukuma kando, ukaomba kalamu. Ukaandika jina lako lote, polepole, mtoto ubavuni, jasho halijakauka usoni. Kisha ukanirudishia kalamu.

"Sasa saini na wewe, mkunga."

Pumzika kwa amani, mwenzangu.

Ni mimi,
Wifi yako