Kidole cha Kogo na Mayai ya Kong'ony

Silibwet, Jumatano, Julai 1996

Leo baridi imekaa mifupani tangu asubuhi, na saa nane mvua ya mawe ikaja ikapiga majani chai mpaka yakalala. Sijala. Mke wangu ameniuliza mara mbili nina nini, nikamwambia kichwa kinauma. Kichwa hakiumi.

Mayai yamevunjwa.

Niandike kwa utaratibu, maana hasira inanitangulia. Chini ya shamba la mjane mmoja ambaye sote tunamwita Kogo, yaani nyanya, kuna kinamasi. Humo korongo wawili wenye taji, kong'ony kwa lugha yetu, walikuwa wamejenga kiota na kutaga mayai mawili. Sijui jozi nyingine iliyobaki upande huu wa Bomet. Tangu mwaka jana nimekuwa nikiwafuatilia kwa niaba ya mtafiti mmoja wa Nairobi, na watoto wa chama changu cha wanyamapori shuleni huja nami na daftari kuandika nani ameatamia na wamepokezana saa ngapi.

Kwa upande wa Kogo sikuwa na wasiwasi wowote. Kong'ony ndiye mnyama wa ukoo wake. Mtu wa ukoo huo hamwui, hamli, wala hamtupii jiwe hata akimkuta anafukua mbegu za mahindi. Nilijisifia jambo hilo kwenye ripoti, kana kwamba ukoo huo niliuanzisha mimi.

Wiki mbili zilizopita mtafiti alituma fomu. Alitaka kila mwenye ardhi akubali kwa hiari yake, na mimi nikaona hiyo ni heshima kubwa. Nikaenda na futi kamba, nikapima kinamasi. Nikapigilia vigingi vinne vyenye kitambaa chekundu kuzunguka kiota, ili watoto wasisogee. Kisha nikamkalisha Kogo kwenye kigoda, nikamshika kidole gumba, nikakichovya kwenye wino na kukigandamiza chini ya karatasi iliyoandikwa Kiingereza. Nikamwambia ni mambo ya ndege tu. Akasema, "Sawa, mwalimu," akanimiminia mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni.

Kamba. Vigingi. Kidole.

Babu yangu mwenyewe alitolewa kwenye vilima ambavyo leo ni mashamba makubwa ya chai, na alitolewa kwa vitu hivyo hivyo vitatu. Kila mwaka nawafundisha darasa la saba kisa hicho, na hukifundisha vizuri. Msomi mzima, hamnazo!

Kumbe Kogo hakupata usingizi tangu siku ile. Alisikia sokoni kwamba palipo na mnyama wa serikali, ardhi nayo huwa ya serikali. Akapiga hesabu zake: ndege akiondoka, karatasi haina kazi. Lakini yeye hawezi kugusa hata ganda la yai. Basi akamwita Ouma, fundi wa mitambo wa kiwanda cha chai, mtu wa kutoka upande wa ziwa aliyepanga nyumba kwake. Kwao Ouma, kong'ony ni ndege tu.

Leo nilishuka kinamasini na chama kizima, maana mayai yalikuwa yaanguliwe wiki hii. Yalikuwa yamekanyagwa kwa gambuti. Kifaranga mmoja alikuwa amekamilika, mdomo, kucha, kila kitu. Wazazi wake walisimama ng'ambo ya matete wakilia. Msichana mmoja akaniuliza kama na yule aliyekufa tumwandike kwenye daftari. Nilimfokea mpaka akalia.

Ouma hakujificha. "Mwalimu, mimi nilitumwa. Huyu mama ananilisha kama mtoto yake. Akisema hiyo ndege inamletea shida, ningekataa aje?"

Nikapanda kwa Kogo na hasira yangu yote. Alikuwa uani na wake za wanawe. Kidole gumba alikuwa amekisugua kwa jivu mpaka kikachubuka. Akanionyesha.

"Nirudishie kidole yangu, mwalimu. Ndege sasa hakuna. Hiyo karatasi ni ya nini tena?"

Karatasi ilikuwa kwenye mkoba, begani mwangu. Sijafika posta tangu siku ile. Ningeitoa, ningemkabidhi mkononi, aichome motoni mwake, yaishe.

Nilimwambia hivi, mbele ya wale wanawake: "Umewaua watu wa ukoo wako, Kogo. Na karatasi imeshafika Nairobi. Hairudi."

Akakaa chini, pale pale kwenye matope. Hakulia. Alikishika kile kidole kwa mkono wa pili na kunitazama.

Nami nilifurahi. Sina mahali pengine pa kukiri hili. Nilimtazama mwanamke mwenye umri wa nyanya yangu akiwa kwenye matope, nikafurahi.

Wanawe walipopata habari waliapa kwamba kesho alfajiri watachimba mtaro, wakaushe kinamasi chote na kupanda mikaratusi, ili mtu wa Nairobi akija asikute cha kuchukua. Miche wameshaileta. Kong'ony aliyepoteza mayai anaweza kutaga tena mahali pale pale, maadamu maji yapo. Hilo nalijua, nimewafundisha watoto mwenyewe. Nikimrudishia Kogo karatasi yake jioni hii, atawaambia waweke majembe chini, na hakuna mwanawe anayeweza kumpinga.

Lakini itabidi niseme mbele yao wote kwamba nilimdanganya. Mimi, mwalimu.

Kwake ni dakika ishirini kwa baiskeli. Mvua imekatika, mwanga bado upo, na magurudumu yana upepo. Nimekaa tu.