Kijitu Namba 212

Jumatatu, 8 Julai 2024

Upepo wa Dodoma umeamua kutuzika tukiwa hai. Vumbi mpaka ndani ya kibodi.

Kanali Hamidu kaja mwenyewe ofisini. Kawaida humtuma dereva. Alisimama nyuma ya kiti changu akiangalia vijitu vyangu vikitembea kwenye skrini — vijitu elfu nne, kila kimoja nukta tu, lakini kina shamba lake, ndugu zake, njaa yake, woga wake. Kazi yangu na Masudi ni kuviacha viishi humo siku mia tatu, tunaingiza waasi wachache, halafu tunaona nani atawapa chakula na nani atakimbilia kwa askari. Zoezi la darasani, ndivyo tulivyoambiwa, la kuwafundisha maofisa kufanya uamuzi. Kijiji cha kubuni.

Akaniuliza, hiki chekundu hapa ni nani? Namba 212. Nikamwambia ni namba tu, afande. Akatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Jumanne, 9 Julai

Nimeendesha mara ishirini. Mara zote ishirini 212 kinageuka chekundu kabla ya siku ya sitini. Yaani kompyuta inasema: huyu anawalisha waasi. Pamoja naye kaya nyingine kumi na sita, zile zile kila mara.

Masudi kanitania, eti kijitu changu kina kesi ya kujibu. Huyu Mrangi wa Kondoa tunakaa meza moja mwaka wa tatu, utani hauishi. Ila leo alipomaliza kucheka akageuza skrini yake upande wa ukuta. Kwa nini?

Jumatano, 10 Julai

Nimefungua 212 nione ana nini. Ana mali mafungu thelathini. Nyumbani kaweka sita. Zilizobaki hasemi ziko wapi. Mara mbili kwa mwezi anatembea mbali, nyumba za watu ambao si ndugu zake. Anakwenda na kitu mkononi, anarudi mikono mitupu, hamwambii mtu.

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Huyu ni baba!

Acha niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Mwaka jana nilitumwa mpakani, kule kusini, nihoji watu hamsini kuhusu maisha yao. Barabara ilifungwa. Nikakaa gesti wiki mbili, nikarudi bila kumhoji hata mmoja. Ripoti inadaiwa. Basi nikakaa chini nikaandika desturi za kwetu, upande wa Mvumi. Sisi Wagogo hatuweki ng'ombe wote zizi moja. Unampa rafiki wa kijiji kingine, awachunge, anywe maziwa. Ukame ukipiga huku, huko wamebaki. Na hutangazi. Idadi ya ng'ombe wa mtu haiulizwi. Nilichofanya ni kufuta "ng'ombe" na kuandika "mali", ikawa kanuni ya vijitu. Chanzo: mahojiano 50. Hamsini! Mungu anisamehe.

Kijiji cha kubuni, nilijiambia. Nani ataumia?

Alhamisi, 11 Julai

Masudi alikwenda kuswali adhuhuri, kompyuta kaiacha wazi. Nikachungulia. Si tabia yangu. Haya, sasa ni tabia yangu.

Daftari la wakazi wa kijiji cha kule kusini, mpakani. La kweli kabisa, limepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, mhuri wa kijiji chini. Pembeni ya kila kaya, namba za vijitu vyangu. Wamevioanisha na watu kwa umri, idadi ya watoto, umbali wa shamba. 212 ni mzee wa miaka sitini na mitatu, mkulima wa korosho, watoto watano. Jina lake silileti hapa.

Aliporudi nikamuuliza ana kwa ana. Akasema alipewa na Kanali, akakatazwa kuniambia. Kwa nini? Kwa sababu una maswali mengi, Angelina. Wale kumi na saba watachukuliwa mwezi huu. Kwa mahojiano tu, akasema.

Mahojiano! Na jinsi alivyonitazama — anajua kuhusu hamsini wangu?

Jumamosi, 13 Julai

Nimekwenda nyumbani. Nilijipa moyo kwamba pengine nakumbuka vibaya, pengine baba hana siri yoyote na mimi ndiye niliyezidisha.

Shikamoo baba, marahaba mwanangu, ugali wa uwele, mlenda, vicheko. Nikauliza, baba, ng'ombe wetu wengine wako kwa nani?

Akaacha kula. Akauliza, nani kakutuma?

Nikasema hakuna, ni mambo ya kazi tu. Akasema mama yako nimeishi naye miaka arobaini, hajawahi kuniuliza hilo. Akaichukua simu yangu kwenye mkeka akailaza kifudifudi, polepole, kisha akanawa mikono.

Wakati wa kuondoka hakunisindikiza. Mara ya kwanza maishani. Nimelia njia nzima, abiria mwenzangu akadhani nimefiwa.

Jumatatu, 15 Julai

Nimeitoa ile kanuni ya kuficha mali na kuendesha upya. 212 katulia, mkulima wa kawaida. Kati ya kumi na saba wamebaki wekundu wawili. Kwa hiyo watu kumi na tano wanashukiwa kwa sababu baba yangu ana ng'ombe kwa marafiki.

Kufuta kimyakimya haisaidii. Masudi ana nakala. Lazima niseme. Kazi itaota mbawa, na iote.

Jumanne, 16 Julai

Nimemwambia Kanali yote. Gesti, ripoti, hamsini wa uongo. Nilisubiri anifokee.

Hakufoka. Akaagiza chai. Akasema hilo la ripoti tutalizungumza baadaye. Halafu: kwa hiyo mtu wa namna hii, anayeficha mali na kutembea mbali, kumbe yupo kweli?

Nikasema ndiyo afande, hicho ndicho ninachokueleza, ni mfugaji tu, ni baba yangu mzazi.

Huko anakokwenda anakutana na nani? Sijui. Hajakuambia? Hapana. Hata wewe, binti yake?

Nilijisikia mjinga, mjinga kabisa. Kila neno nililoleta kumtetea lilikuwa linaandikwa.

Akanisogezea karatasi na kalamu. Jina kamili la mzee, kijiji, njia anazopita. Utaratibu tu. Ukishaandika, akasema, wale wa kusini tutawaangalia upya. Akatoka kuongea na simu.

Naandika haya mezani kwake, daftari mapajani. Kwenye karatasi yake nimeandika neno moja: Sila. Jina la baba, na ndilo linalofuata langu. Najiambia bado linaweza kuwa langu mimi. Watu kumi na tano kule, mmoja huku — eti ndiyo hesabu ninayopaswa kuipiga, chai ikipoa.

Wako mlangoni sasa, Kanali na Masudi. Namsikia Kanali akiuliza ni mwendo gani kutoka hapa mpaka Mvumi.

Mvumi sijaiandika kwenye karatasi yake. Humu ndani sijaitamka hata mara moja.

Masudi anajibu kwa gari ni saa moja tu. Alikuja kwetu kwenye msiba wa bibi, anaujua mpaka mlango. Anasema yeye ataonyesha nj—