Mabango Sitini na Kura Moja

Jumamosi, 8 Oktoba

Dampo, tangu saa tatu hadi saa sita. Miguu imekufa ganzi. Mtu anayegombea Baraza la Wawakilishi hapa New Hampshire na asisimame dampo Jumamosi, bora abaki kwake alale. Nyumba zetu Wexcombe zimetawanyika msituni, ukibisha hodi hawafungui, lakini taka kila mtu anazo na hakuna gari la kuzifuata. Basi mume wangu Alden Thurlow alisimama mbele ya pipa la chupa, tai shingoni, akiwapa mkono watu wenye mifuko inayovuja. Upande wa pili, mbele ya makopo, mpinzani wake Winifred Colby, mkutubi wetu, na trei ya donati. Donati! Alden alikula mbili.

Vipeperushi vyake vilisafiri hatua nne: kutoka mkononi mwa mtu hadi pipa la karatasi. Armand, mlinzi wa dampo, akachomoa kimoja, akakikwaruza kwa ukucha. "Kina nta hiki, Bwana Alden. Si karatasi. Kinaenda kule, kwa visivyofaa kitu." Nilicheka, nikajifanya nakohoa.

Jumanne, 11 Oktoba

Nimemaliza bango la sitini. Yote kwa mkono wangu: ALDEN, yenye ile A yangu iliyojikunja mkia, na chini yake KILA KURA NI KURA. Wazo lake. Nilimuuliza maana yake nini. Akasema uzuri wake ndio huo, kila mtu atapata ya kwake.

Anamsimamisha kila anayepita. "Mke wangu huyo! Iangalie hiyo A! Mkono huu ningeujua popote."

Baraza lina watu mia nne. Mia nne! Kwa jimbo unalolivuka kabla kahawa haijapoa. Mshahara dola mia moja kwa mwaka. Na bado anajizoeza bafuni: "Mheshimiwa Spika..." Maji yanamwagika bure.

Ijumaa, 14 Oktoba

Maji ya kuku yameganda asubuhi. Kuni bado zimemwagwa uani, rundo zima, tangu Septemba. Nikamkumbusha Alden azipange. "Wikiendi hii, Lorna, nakuapia." Bega langu la kushoto halijapona tangu nilipoteleza kwenye barafu Februari. Anajua.

Alhamisi, 20 Oktoba

Alden yuko gazetini! Ukurasa wa tatu, amekumbatia kuni, anampangia Bibi Tuttle aliyefiwa na mumewe. "Mgombea Mwenye Mikono ya Kazi." Ameikata picha na kuibandika kwenye friji.

Bibi Tuttle akanipigia simu. Una bahati, mwanangu, mume kama huyo, na hata kahawa hakutaka! Kumbe ni mjane wa tatu wiki hii.

Jioni nikamuuliza: "Sasa mpaka nifiwe na mume ndipo mume wangu anipangie kuni?" Akacheka sana. Akasema hiyo nzuri, ataitia kwenye hotuba. Akachukua na kalamu!

Jumapili, 30 Oktoba

Nilianza kuzipanga kuni mwenyewe. Safu ya pili bega likagoma. Nikaketi juu ya gogo nikalia, kwa hasira zaidi kuliko maumivu.

Armand alikuwa anapita, akasimamisha gari. Hakuuliza kitu. Kwa muda wa saa tatu nzima alizipanga zote, magome juu, pembe zimenyooka. Nikamtolea kahawa na pai ya maboga. Alipomaliza kula akatazama juu. "Mvua Jumanne," akasema. Hiyo ndiyo hotuba yake yote.

Alden akarudi saa kumi na moja kutoka kuonja sharubati ya tufaha na wapiga kura. "Ah! Umemaliza! Nilijua utaweza." Akaingia ndani. Nilitaka kumwambia nani kazipanga. Hakuniuliza.

Jumanne, 8 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilipiga kura. Ukumbi wa mji, akina mama wa kanisa wanauza supu, Alden mlangoni anashika mikono ya watu waliokwisha kupiga kura. Nikaingia kibandani. Jina lake liko juu kabisa. Nikasema moyoni, huyu anashinda kwa mamia, kura moja itampunguzia nini? Chini ya majina kuna mstari mtupu, unaandika mtu yeyote umtakaye. Nikaandika ARMAND GAGNON. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa herufi zile zile za mabango. Nilitoka mle nimefurahi. Sitadanganya hapa, nilifurahi sana!

Hapa kwetu kura zinahesabiwa kwa mkono, mbele ya watu. Hollis Peaslee, msimamizi, alikuwa anasoma. Colby. Thurlow. Thurlow. Colby. Halafu akaisogeza karatasi karibu na miwani. "Moja kwa... Armand Gagnon."

Ukumbi ukaangua kicheko. Alden alicheka kuwapita wote, akipiga goti. "Mwendawazimu gani huyo! Mheshimiwa wa dampo!"

Hollis hakucheka. Aliitazama karatasi. Akatazama nje dirishani, bango letu lililo chini ya taa. Kisha akanitazama mimi, juu ya miwani, akailaza karatasi kifudifudi.

Colby 412. Thurlow 411. Gagnon 1.

Ningempa yangu wangekuwa sawasawa.

Jumatano, 9 Novemba

Alden hali chakula. Ameketi jikoni anaitazama ile picha ya friji. "Mtu mmoja, Lorna. Mtu mmoja tu." Mdomo nilikwisha kuufungua. Nikakaanga mayai.

Akatoka kuchukua kuni, akakaa nje muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Zimepangwa vizuri sana. Na wewe na bega lako lile. Sikukushukuru hata." Akanishika bega, taratibu. Mwaka mzima nimelingoja neno hilo, linakuja leo! Na hata si mimi niliyezipanga!

Alhamisi, 10 Novemba

Ameomba zihesabiwe upya. Concord, makao makuu ya jimbo, Jumatatu.

Jumamosi, 12 Novemba

Dampo. Sasa kila mtu anamwita Armand Mheshimiwa. "Mheshimiwa, chupa za rangi ziende wapi?" Yeye anaonyesha kwa kidole tu.

Nilibeba mabango kumi ya mbao ya kutupa. Akayapokea, akasema chini kwa chini: "Sikuomba kura mimi, Bibi Lorna."

"Najua."

"Nilipanga kuni tu."

"Najua, Armand."

Akapitisha kidole juu ya ile A, polepole, hadi mwisho wa mkia. "Uliandika hivi hivi?"

Nikasema ndiyo. Akavua kofia, akaivaa tena. "Mbao kule kushoto," akasema.

Jumatatu, 14 Novemba

Concord. Niko ndani ya gari, nje ya jengo. Naandika juu ya goti.

Nilidhani wanahesabu tu. La! Kila karatasi inainuliwa, moja moja, na wagombea wamesimama mbele ya meza waione kwa macho yao. Mia nane na kitu. Winifred kaja na donati hata huku. Kaniambia kando kwamba asingependa kushinda kwa mzaha wa mtu. Nilishindwa kumtazama usoni.

Njia nzima Alden alikuwa mchangamfu. "Hollis amezeeka, amekosea mahali. Na huyo aliyeandika Armand nataka nimwone mwandiko! Nawajua watu wangu." Halafu akauliza kama nasikia baridi, akavua glavu yake ya kulia akanivalisha mimi.

Nilikuwa nimeamua kumwambia kwenye daraja. Daraja likapita. Nikasema moyoni, basi kwenye taa nyekundu. Taa zote zikatuwakia kijani!

Ndani wakakata utepe wa sanduku letu. Karatasi ya kwanza ikainuliwa. Alden akainama, akakunja uso, akajipapasa mfukoni. "Miwani! Lorna, mpenzi, nimeiacha garini. Kimbia. Bila miwani sioni hata jina langu."

Nimekimbia. Niko hapa kwa dakika kumi na mbili sasa. Nimewaza kurudi na kusema haipo. Nimewaza kurudi na kusema yote, pale pale, mbele ya Winifred na ofisa na donati. Nikimwambia mimi itakuwa afadhali kuliko auone mwandiko mwenyewe. Nadhani. Sijui.

Anatoka mlangoni. Hana koti. Ananipungia kwa ule mkono wenye glavu, anacheka — anadhani nimeshindwa kuiona miwani. Iko mapajani mwangu, chini ya daftari hili.

Anakuja upande wangu wa gari, anashika kitasa —